Sifuri

Ramani ya Shekuwe naitandika sakafuni baada ya isha.
Pembe moja naikandamiza kwa chano, nyingine kwa mchi,
ya tatu kopo la unga,
ya nne mbuzi ya kukunia nazi,
mbuzi pekee niliye naye wa kupeleka malishoni huko.

Karatasi ya nchi kavu, nayo hapa Kibokoni yatoka jasho.
Imeumuka kama hamri. Joto letu limeipa vilima
ambavyo mpimaji hakuviona.

Mwanzo niliona nyuzi tu,
nyuzi za kahawia zilizomponyoka mshona kofia.
Akanifundisha kwa simu, sauti ikikatika:
"Mama, mistari ikiachana, hapo utatembea ukiongea.
Ikibanana, nyamaza, tunza pumzi."

Sasa kidole changu chajua.
Chatoka shuleni kwake, chateremka taratibu,
chafika penye mistari iliyosongamana
kama vikapu vya Marikiti mkesha wa Idi,
na mimi niliyekaa kitako naanza kuhema.

Huu mstari wa buluu uliokatikakatika ni mto
ambao haujaamua kuwa mto.
Nikampigia: mwanangu, una maji nyuma ya darasa!
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mama, huo ni mchanga. Watoto wa darasa la tano
huchimba mpaka mabegani, kisha hungoja kikombe kijae.
Aliyeichora alipita mwezi wa mvua."

Nikanyanyuka, nikaubana mfereji
uliokuwa ukidondoka tangu Ijumaa.

Jana Faraji, mstaafu wa bandarini, alifuata chano chake.
Akainama, miwani puani, akasoma:
"Elfu mbili mia moja na nne. Mita."
Kutoka wapi?
"Kutoka wapi tena? Usawa wa bahari.
Pale Kilindini pana kipimo cha maji kupwa na kujaa,
hesabu ya milima yote yaanzia hapo."

Alipoondoka nilitoka nje kutazama kizingiti changu,
simenti iliyomegeka, ndara mbili, paka wa jirani.

Basi Shekuwe akipiga, sitamuuliza tena yu mbali kiasi gani.
Nitamuuliza: leo umelala juu yangu mita ngapi?

Naikunja. Kilele chaangukia bondeni bila kelele.
Mbuzi imeacha duara la kutu
palipoandikwa kwa herufi ndogo:
maji, si ya kudumu.