Chafya ya Nne

Mwezi wa nane. Masika yamekwisha zamani,
mikorosho ng'ambo ya bara imetoa maua bila haya,
na hapa Mkomani
pua yangu ndiyo ya kwanza kupata habari.

Chafya ya kwanza huja kabla ya adhana.
"Alhamdulillahi," nasema gizani,
na dirisha la pili, ng'ambo ya uchochoro
ambao punda wawili hawapishani,
Bi Somoe hujibu hata taa hajawasha:
"Yarhamukillah."
Ya pili hunijibu. Ya tatu hunijibu.
Ya nne, kimya.
Ya nne, anasema, si chafya, ni maradhi,
na maradhi yana dua yake.

Kazi yangu ni vikuba.
Mama aliniachia sindano, sinia la shaba
na wateja wasiosahau madeni ya wenzao.
Asumini, rehani, mlangilangi,
na mkadi, wenye unga ung'ang'aniao vidole
kama unga wa mahamri.
Fundi wa vikuba asiyenusa
ni mpishi mwenye saumu isiyo na magharibi.

Kila mtu alikuja na yake.
Habasoda ndani ya asali.
Mvuke wa mkaratusi, shuka kichwani,
nikatoka mwekundu kama kamba wa kuchemsha.
Mama mkwe akasema ni jini, hapendi manukato.
Nikamwambia, jini asiyependa manukato
angekwisha kuhama Amu.

Nesi Kadzo wa zahanati hakucheka.
Alinipa daftari la shule, la mistari.
"Andika siku. Andika upepo. Andika umeshika nini,
na umekwenda chafya ngapi."

Nikaandika.
Asumini: hakuna.
Rehani: moja, labda vumbi.
Mlangilangi: hakuna.
Mkadi: kumi na moja, na macho kama yamepakwa pilipili.
Mkadi tena: kumi na nne.
Nikalifunga daftari, nikakaa.
Mkadi! Uliolala miaka yote chini ya mto wa mama,
ambao hata leo nikifungua kasha lake
yeye hutoka kwanza, nguo baadaye.

Basi nimejipanga.
Nguo sianiki darini asubuhi.
Foronya nabadili kila usiku.
Leso naifunga puani, mashoga wanauliza nimeiba wapi.
Maji ya vuguvugu yenye chumvi, puani, ndani, nje:
Nesi aliponifundisha nilimwambia hili nalijua,
mara tano kwa siku, imebaki chumvi tu.
Mkadi anaukata mpwa wangu Famau, barazani,
upande upepo uendako, si utokako,
na ananitoza kama wakili.

Halafu kidonge.
Kile cha mwanzo kilinilaza juu ya kazi,
nikashona kikuba cha bibi harusi
pamoja na mkono wa dera langu.
Hiki cha pili ni cheupe, kidogo kama jino la paka,
na usingizi hakina.
Nilikimeza jioni, siku tatu.
Siku tatu nikanusa chai. Nikanusa chokaa ya ukuta.
Nikanusa mvua kabla haijaamua kunyesha.

Siku ya nne mlango ukagongwa.
Bi Somoe, buibui begani, kiatu kimoja mguuni.
"U mzima? Siku tatu sikusikii!"
Nikamwonyesha kidonge.
Alikitazama kama mtu anayetazama mkwe asiyemtaka.
"Saa yangu ilikufa mwaka aliokufa Bwanaheri," akasema.
"Msimu huu wa korosho ndio pekee
ninaoamka kwa wakati."

Nesi anasema haidhuru, mchana nao unafaa.
Kwa hiyo alfajiri naziacha zitoke:
ya kwanza, anajibu;
ya pili, anajibu;
ya tatu, nasikia kitanda chake kikilia, ameketi,
anatafuta kiatu.
Ya nne
naimeza kwa maji.