Safu ya Saba

Mhisani wa Burgos hasomi Kiingereza,
kwa hiyo kila mwisho wa robo mwaka mimi,
karani wa kituo cha afya cha masista, Paidha,
nageuza daftari la wodi ya wazazi
liwe Kihispania alichonifundisha Sista Begoña
kwa kamusi iliyoliwa na mchwa hadi herufi C.

Leo neno ni still.
Silabi moja tu,
kama tone likidondoka ndani ya ndoo.

Mara ya kwanza limo katika maelezo ya mgonjwa:
Ayerango, miaka ishirini na sita, mpishi wa waragi,
polisi walivunja still yake Jumatatu.
Hili rahisi. Alambique.
Pipa, kuni za mkaratusi,
mrija wa shaba unaopitishwa kwenye maji baridi,
na muhogo uliochacha unapanda mvuke
unashuka karo ya shule.
Naijua harufu hiyo. Ndiyo iliyonisomesha.

Mara ya pili linaandamana na damu: ilikuwa still ikitoka.
Todavía, nikaandika. Kisha nikafuta, nikaweka aún,
na kile kijistari kilicholala juu ya u,
maana bila kijistari neno linageuka kuwa "hata",
na damu haina mzaha.
Kwetu ni bado, basi. Bado,
inayosema jambo linaendelea
na inayosema jambo halijaanza,
kwa pumzi ile ile, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mara ya tatu ni safu ya saba: Mtoto.
Usiku ule mkunga Ezatiru alikuwa na wazazi watatu na taa moja,
akaliandika neno bila mkia wake:
Still.
Na nukta.

Nilikaa na nukta ile mpaka chai ikapoa.
Ningeweza kusoma todavía:
mtoto bado, mtoto angali njiani.
Ningeweza kusoma ametulia,
ameshiba, amelala.
Kamusi inaruhusu. Kamusi haijawahi kulala wodini.

Lakini Kihispania hakikuniachia nipite kimyakimya.
Kinauliza: quieto au quieta?
Huko hata utulivu una uke na uume,
hata maiti. Kiswahili kingesema yeye, kikaenda zake.
Safu haikusema. Nikavaa viatu.

Ayerango alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda
akikamua maziwa ndani ya kikombe cha plastiki, cha bluu,
kwa kuwa maziwa yalikuja siku yake bila kuuliza.
Nikamsemesha kama mtu anayetafuta namba ya simu.
Wa kike, akasema.
Mlikuwa mmempa jina?
Bado.

Nikarudi mezani. Nikaandika nacida muerta,
kwani ndivyo wanavyoandika,
na zile a mbili za mwisho
kama milango miwili ambayo mtu ameisahau wazi.
Kiingereza kilimwita mtulivu. Hawa wanamwita mfu.
Jina alilompa mama yake halikuwa na safu,
nami sikuthubutu kuchora nyingine.

Ijumaa aliruhusiwa. Alipitia dirishani kwangu,
leso imebana kifua,
akauliza kama stoo yetu ina jerikani kuukuu,
na mrija, mrija wowote;
wake uko kituoni umefungwa karatasi ya kielelezo.
Nilikuwa nimeacha kamusi wazi.
Chini kabisa, maana ya tano, ambayo huwa naivuka:
sin embargo. Hata hivyo.
Embargo, Sista aliwahi kunieleza, ni serikali inapotwaa mali yako.
Sin ni bila.

Nilimpa jerikani mbili
na ufunguo wa stoo, mrija akautafute mwenyewe.