Taarifa ya Yadi, Oktoba

Wateja wetu wa Masasi, Nanyumbu na Newala,
mabibo yameanza kuanguka,
mnada wa kwanza, tumesikia, ni Ijumaa ijayo,
na Bosi Nampunju ameniambia: Somoe,
andika mistari michache, usiwachoshe watu.
Basi nisomeni.

Yamekuja malori manne kutoka Dar,
mawili ya tani kumi, moja la tani saba,
na lile la bluu, ambalo sitalisifu:
gia ya tatu inagoma asubuhi kukiwa na baridi.
Bosi atanifokea kwa kulisema hili.
Mlima wa Newala haufoki. Mlima unaua.

Ofa ya msimu: ukilipa nusu taslimu
unapewa turubai jipya na kamba mita arobaini.
Nusu ya pili ni baada ya malipo ya korosho,
si baada ya ngoma ya kuwatoa wanao jandoni.
Mwaka juzi kuna mtu, simtaji, anajijua,
alilisha mtaa mzima siku tatu,
akaja hapa Februari na mbuzi wawili.
Mbuzi tuliwapokea.
Lori nalo tulilipokea.

Sasa ya kazi.
Waliosoma wanasema shairi lina mizani.
Sisi mizani yetu iko barabarani,
na ukizidisha gunia kumi hakuna wa kukupigia makofi.
Nati za tairi zikaze ukifika Ndanda,
usingoje kuona moshi.
Uraka waachie walioegemea ukuta,
wewe umeegemea tani kumi.
Na utingo ni mtoto wa mtu:
akisinzia juu ya magunia, mshushe, alale ndani,
na umwite jina lake, alipewa na mama yake
si kwa ajili ya kupigiwa honi.

Ya nyumbani Bosi hakuniagiza.
Naandika kwa sababu karatasi imebaki.

Juni, watu wakiwa na salfa mpaka kwenye kope,
Abasi Mchekenje alikuja kuchukua lori la pili.
Alifuatana na mkewe, Bi. Esha.
Tulifungua daftari lake: kilometa, dizeli,
springi ya nyuma kushoto, faini, dizeli tena.
Nikamsifu. Nikasema, mali bila daftari
hupotea bila habari.
Bi. Esha akatoa la kwake mkobani,
daftari la hesabu la mtoto, lenye miraba,
tarehe pembeni, vistari vya penseli.
Nikauliza, haya ni marejesho ya mkopo gani?
Akasema, ni siku alizolala nyumbani.
Tangu korosho zilizopita, kumi na tisa.
Hii yenye duara alifika,
lakini alilala garini, akilinda betri.

Fundi Mkwemba alikuwa chini ya lori.
Spana ilimtoka, tukaisikia sote.

Sijui walizungumza nini njiani.
Lori la pili hawakulichukua siku ile.
Abasi alirudi Agosti na kijana wa kuajiri,
mwenye leseni, mpole, mtu wa Chikundi,
akakuta bei imepanda.
Hakulalamika.
Aliniuliza tu duka gani pale sokoni Mkuti
linauza daftari zenye miraba.

Nilitaka kuweka hapa nasaha ya kumalizia
nikaona sina haki nayo. Mume wangu mwenyewe
anaendesha lori la saruji, na mwanetu wa mwisho
anamjua kwa mlio wa breki kuliko kwa sura.
Mkoba wangu mimi hauna daftari.
Bado.

Kalenda za mwaka ujao zimewahi kufika.
Waliochapa wamekosea, badala ya lori
wameweka milima yenye theluji,
lakini kila tarehe ina kisanduku kitupu, kikubwa.
Bosi anadhani ni cha kuandikia marejesho.
Njooni mchukue, ni bure, moja kila nyumba.

Ijumaa tunafunga saa tano na nusu.
Lile la bluu bado lipo.