Sekunde Arobaini

Saa tisa usiku, Tartu, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
na Leelo ameinamia mstari mmoja wa msimbo
usiosema kitu ila: ngoja sekunde arobaini.

Ngoja nini? Ngoja nani?
Simu ya zamu imelia mara mbili:
maghorofa ya Annelinn yanapoa, valvu inasita,
na hapa pana mstari unaosita nayo, kimya, bila sababu.
Kidole chake kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Kwanza afungue kumbukumbu za mabadiliko,
ajue nani aliuweka, na alikuwa na akili gani.
Anashuka mwaka baada ya mwaka
kama ashukaye ngazi za ghala lisilo na taa:

"Marekebisho."
"Marekebisho tena."
"Sasa naona sawa."
"Bado."
"Ijumaa, naenda zangu."
"Msiniulize."

Anacheka, kisha hacheki.
Tatu kati ya hizo ni zake.
Ile ya Ijumaa anaikumbuka: tiketi ya treni ya Valga mfukoni,
njaa, begi mlangoni.
Lakini alibadilisha nini?
Aliyeandika ni yeye. Asiyejua ni yeye.

Chini kabisa, miaka tisa nyuma, yupo Ilmar Kuusk,
fundi mabomba aliyejifunza kompyuta mvi zimeshamjaa,
wakamcheka kwa barua zake ndefu:

"Ongeza kungoja sekunde 40 kabla ya valvu ya pili.

Baridi ikipita nyuzi ishirini, pampu ya Annelinn huchelewa kuamka.
Valvu ikiitangulia, maji hurudi nyuma na kihisi hudanganya.
Nilijaribu 20, hazikutosha. Nilijaribu 60, watu walilalamika.
Nimesimama kando ya pampu, saa mkononi, usiku tatu.
Pampu ikibadilishwa, futa mstari huu.
Kabla ya hapo usiuguse."

Ikibadilishwa.
Ilibadilishwa Oktoba. Leelo mwenyewe alisaini ankara.
Pampu mpya huamka papo hapo, ikasukuma mlango uliofungwa
sekunde arobaini, kila mara, usiku kucha.

Basi kufuta si ubabe tena; ni wasia.
Anafuta. Anajaribu. Grafu inajikunyata, kisha inapanda.

Kahawa imepoa. Usingizi unamvuta ukosi.
Anaandika "Marekeb"
anasimama,
anazirudisha herufi zote zilikotoka.

"Ondoa kungoja kabla ya valvu ya pili.

Pampu ya Oktoba haichelewi; kungoja kulikuwa kunaifungia njia.
Sababu ya zamani ameieleza Ilmar. Kwa pampu yake, alikuwa sahihi.
Sijajaribu chini ya nyuzi thelathini.
Ukifika huko, anzia hapa."

Anaisoma kwa macho ya mtu aliyeamshwa usiku
asiyemjua Leelo, wala Ilmar, wala Oktoba.
Anapunguza neno moja lililozidi.
Anatuma.