Spika ya Jikoni

Jumamosi nzima nimetambaa darini
na kebo ya mita thelathini kiunoni kama mshipi,
vumbi jekundu la Newala mpaka kwenye kope,
Chitanda, mtoto wa dada, ananiongoza toka chini:
"Kushoto! Kushoto kwako, mjomba, si kwangu!"

Seva ni kompyuta ya chama cha msingi,
niliuziwa siku ya kustaafu kwa bei ya kuku watatu.
Haina herufi M. Betri ilishakufa.
Nimeilaza kabatini juu ya magunia matupu ya korosho,
na tumboni mwake kanda mia na arobaini
alizorekodi marehemu baba, harusini, jandoni,
kila moja nimeikalia ikizunguka
dakika kwa dakika; kanda haina njia ya mkato.

Kila spika nimeipa namba:
sebuleni kumi na moja, chumbani kumi na mbili,
jikoni kumi na tatu.
Nikaziandika kwa chaki nyuma ya mlango
maana nilikuwa karani, siamini kisichoandikwa.
Ruta ikakonyeza kijani.
Jikoni ikagoma.
Ukuta wa mawe unameza mawimbi
kama ulivyokunja, miaka yote, misumari yangu.
Nikatoboa, nikapitisha waya.
Mama akauliza tundu hilo ataliziba nani.

Bwana Nantende akachungulia dirishani:
"Na hiyo haili bando?"
Haili. Ni maneno ya ndani ya nyumba,
hayavuki kizingiti.
Akaondoka akitikisa kichwa,
kama aliyeambiwa kuna mgeni asiyekula.

Saa mbili usiku, umeme ukiwa bado una huruma,
nikabofya.
Ngoma ikaanza sebuleni,
na kabla kope haijafunguka, jikoni,
ngoma ileile
ikikanyaga nyayo zake yenyewe.
Ndu-ndu. Ndu-ndu.
Nikaona aibu mbele ya Chitanda.
Nikafungua mipangilio, nikapunguza, nikaongeza,
nikazima kumi na tatu, nikaiwasha.
Ikabaki nyuma.

Mama alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.
"Iache.
Tulipokuwa wasichana tunakaa pale ukingoni,
wanapiga kwa kina Lukanga, chini huko mteremkoni.
Unauona mkono unashuka,
halafu ndipo mlio unapanda mlima.
Ngoma ya kweli ilikuwa inachelewa."

Chitanda akacheka. Mimi nilikuwa nahesabu milisekunde.

Kanda ikafika mwisho.
Pale mwishoni baba hukohoa
kabla hajabonyeza kitufe cha kuzima;
kanda zote mia na arobaini, hakuna aliyoisamehe.
Akakohoa sebuleni.
Akakohoa jikoni.

"Pole," mama akasema, mwiko mkononi,
mara moja tu,
kwa huyu aliyechelewa.