Alama ya Vema

Makorora, saa nne, foleni imefika getini.
Nilimuuliza Bi Mwanakheri: Umeelewa?
Ndiyo, mwanangu,
akasema, naye keshainuka,
vidonge kavifunga penye pindo la kanga.

Nikatia vema.

Vema yangu ikapelekwa mkoani, ikajumlishwa na wenzake,
ikaturudia mwezi wa sita imekuwa
asilimia tisini na saba.
Kumbe wagonjwa wanaelewa!
Basi wakamwondoa Nakijwa, binti wa ushauri,
benchi lake likatiwa stoo.
Kikaoni tuliulizwa, Tumekubaliana?
Ndiyo, tukasema. Chai ilikuwa inapoa.

Jana nimemfuata kwake, Mikanjuni, miguu imemvimba.
Kanitolea kopo la maziwa:
vidonge vimo, vichache tu vimepungua.

Bi Mwanakheri, si ulisema umeelewa?

Akanitazama kama mtu anayemwonea haya mwenziwe.
Uliniambia kimoja baada ya mlo, kutwa mara mbili.
Mie nala mara moja, usiku, nikijaliwa.
Basi nikawa nangoja siku yenye milo miwili.

Kuelewa nilielewa, mwanangu.
Chakula hukuniuliza.