Maji Tulikuwa Nayo

Mlisema, "Gari limekuja bila maji."
Nilisikia kupitia dirishani, huku jiwe la nani sijui
likigonga mlango wa kushoto, penye namba 114.
Sikujibu. Dereva akiwa kazini hajibu jiwe.
Leo nina likizo, nimejifunga msuli, chai ipo mbele yangu.
Najibu.

Maji tulikuwa nayo: lita elfu tano,
enyi wa Newala mnaojua bei ya dumu la kiangazi,
maji yanapopandishwa mlima kama mkwe anayebembelezwa.
Lita elfu tano, mpira ukifunguliwa wote,
ni dakika chache; hata salamu za msibani huzimalizi.
Kisha twende kwenye kichwa cha bomba pale sokoni.
Kipo. Ramani inasema kipo.
Juu yake ipo saluni ya Dada Tekla,
na kiti cha kuoshea nywele kimekikalia utosini.

Mlipiga saa ngapi?
Daftari la zamu linasema saa tatu na dakika kumi na tisa.
Moto ulianza saa mbili na nusu.
Kwanza mlimpigia shemeji aliyeko Tandahimba,
kisha mkatafuta spika ya msikiti, kisha mkapiga picha,
halafu ndipo sisi.
Na aliyepiga alisema, "Njooni, kwa Nampoto kunaungua!"
Nampoto yupi? Akakata.
Angetaja ghala la chama, angetaja mashine ya kukoboa,
nisingezunguka uwanja mara mbili kama bwana harusi.

Na ile njia niliyopita mwaka juzi
imeota ukuta, na ukuta umeota lango.
Tulishuka, tukavuta mpira kwa miguu,
Koplo Nanguka mbele, mimi nyuma, mawe yenu katikati.

Moto wenyewe ulikuwa wa buluu.
Hapo nikajua.

Bi Somoe alikuwa na mifuko mitatu ya salfa uvunguni,
salfa ya mikorosho, aliyoipangia foleni tangu alfajiri,
akaificha kama mtu afichavyo mahari.
Umeme ulikatika. Akawasha mshumaa,
akausimamisha juu ya mfuko, kwa nta yake mwenyewe,
akaenda kumtafuta kuku anayeatamia.

Salfa hairushiwi maji kwa hasira;
vumbi lake likitimka, nyumba inakuwa baruti.
Tulinyunyiza kama mvua ya rasharasha,
nanyi mkapiga kelele: "Mnaona? Hawana maji!"

Lichanda, mjukuu wa darasa la tatu, ndiye aliyemtoa.
"Bibi, tambaa. Moshi unakaa juu."
Aliyasikia siku tulipopeleka gari shuleni kwao,
siku walimu walipolalamika kwamba tunapoteza vipindi.
Bibi yu hai. Akicheka, kifua kinalia kama mlango.

Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Nami nimelitafuna neno hilo usiku kucha:
kinga ni kijinga cha moto,
kinga ni kile kinachouzuia.
Lugha yetu imeviweka katika chungu kimoja,
tuchague wenyewe cha kuchota.

Sasa sikilizeni lililobaki, nalisema kwa sauti ndogo.
Usiku ule nilirudi nyumbani saa nane,
buti mkononi, nanuka yai bovu.
Nikainama nivute kandambili uvunguni,
mkono ukagusa mfuko.

Wangu. Wa njano. Miwili.
Mimi, mwenye miaka kumi na moja ya king'ora,
nilikuwa nimelala juu yake tangu mwezi wa tano.

Mke wangu akaamka: "Nani? Mwizi?"
"Ni mimi, Esha. Lala."
"Unabeba nini gizani?"
"Washa tochi. Tochi, si kiberiti."

Tukaibeba wawili mpaka kibanda cha uani,
mbali na jiko, mbali na ukuta wa watoto,
tukaiweka juu ya mbao isinyonye unyevu.
Esha akajipangusa viganja kwenye khanga, akauliza,
"Na kwa mama yako kule Mkunya?"

Nikavaa tena buti.